Kishubaka Namba Mia Mbili na Kumi na Tano

Kwa miaka thelathini na mmoja mtu huyu alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na katika miaka hiyo yote hakuna sindano, kifungo wala balbu iliyotoka mikononi mwake bila aliyeichukua kuacha jina lake nyuma. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu, chembamba, nyuma ya chumba cha kufulia, chenye dirisha moja la nondo na meza ambayo kona zake zilikuwa zimelika kwa kuegemewa viwiko. Ukutani alikuwa amejenga kwa mbao za makreti vishubaka mia tatu na ushee, kila kimoja na namba yake. Wauguzi, ambao hawachelewi kumpa mtu jina, wakamwita Bwana Vishubaka, na jina likamganda. Hata mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali hiyohiyo, akimkasirikia alimwita hivyo.

Alipostaafu alimkabidhi mrithi wake vitu vyote kwa kuhesabu kimoja kimoja, siku tatu mfululizo. Hesabu ilikwenda sawa, ila kilizidi kifungo kimoja cheupe cha matundu manne. Kupungua angeelewa. Kuzidi kulimnyima raha wiki nzima.

Basi akawa mtu wa nyumbani. Siku nne za kwanza alikaa barazani akitazama watu wapitao. Siku ya tano, mkewe akiwa zamu, aliingia jikoni na kulipanga upya. Mama wa nyumba aliporudi jioni na miguu yake imevimba, akitaka kikombe cha chai tu, alisimama mbele ya rafu asijue pa kuanzia.

"Baba, sukari iko wapi?"

"Iko mahali pake. Nimepanga kwa herufi. Fuata tu: sabuni, sahani, sufuria, sukari."

Mkewe akafuata kwa kidole. Akafika kwenye sukari. Kidole kikasogea mbele kidogo, kikasimama.

"Na hii inayofuata?"

"Sumu ya panya."

"Umeweka sumu ya panya kando ya sukari?"

"Sikuiweka mimi. Ni herufi. Ungetaka niiweke wapi, kwenye ndimu?"

Mkewe hakunywa chai siku ile. Alikaa kitini, akavua viatu, akasema kwa upole ambao mumewe aliuogopa kuliko kelele, "Nakupenda, na watoto wetu nawapenda. Lakini jikoni humu tutakuwa mimi au wewe."

Aliyemwokoa ni binti yao wa kwanza. Binti huyu alikuwa mpima maji ya ardhini, kazi yake kuzunguka na kikosi kidogo mahali pakavu kutafuta pa kuchimba kisima. Kikosi chenyewe kilikuwa na watu wanne: yeye kiongozi, msaidizi wake wa vipimo, dereva na mpishi. Alikuja nyumbani Jumapili moja, akala akashiba, kisha akaanza kulalamika. Kambini, alisema, vitu vidogo vinawatoa roho. Vikubwa havipotei: hakuna aliyewahi kupoteza jenereta. Ila tochi, betri, vifuniko vya chupa za sampuli, mkasi wa kucha, miwani, dawa ya meno, kalamu! Safari iliyopita walipoteza siku nzima wakitafuta ufunguo wa sanduku la vipimo, wakaukuta ndani ya kiatu cha dereva, na dereva alikuwa amekivaa.

"Hakuhisi?" akauliza baba.

"Alisema alidhani ni jiwe, akaona haina haja ya kuvua kwa jiwe moja."

Bwana Vishubaka aliweka kijiko chini. Mkewe alimtazama usoni akaona macho yamewaka kama ya kijana aliyeona mchumba. Akamgeukia binti yake haraka, kabla upepo haujageuka.

"Mchukue," akasema. "Mchukue leo."

Akachukuliwa. Cheo chake kiliandikwa Mtunza Vifaa Vidogo, na alikabidhiwa hema moja la turubai la kijani, la watu watatu, lenye nguzo mbili na mlango wa zipu. Kambi ilikuwa juu ya mwinuko mpana usio na mti, majani makavu kila upande, na chini kabisa kwenye bonde likaonekana paa refu la bati la shule.

Alilizunguka hema mara tatu. Shida aliiona palepale: hema halina ukuta wa kupigilia msumari. Ukiweka kitu chini kinalowana, ukikiegemeza pembeni kinateleza, ukikitundika vibaya paa linabonyea. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikunja mikono ya shati.

Alianza na kamba. Alifunga kamba moja kutoka nguzo hadi nguzo, juu kabisa, halafu nyingine nne chini yake, akazivika vipete vya pazia ili kila kinachoning'inia kiweze kusukumwa kando. Kisha akachukua shuka kuukuu tatu, akakaa chini na sindano kubwa ya kushonea magunia, akashona mifuko midogo kwa safu, kama ile ya kutundikia viatu nyuma ya mlango, akaitundika kwenye kuta za turubai. Kila mfuko aliupa kifuniko na ukanda wa mpira uliokatwa kutoka mrija wa baiskeli, maana kitu kidogo, alisema, kina tabia ya kutoroka. Suruali yake ya zamani yenye mifuko sita aliitundika kichwa chini miguu juu, akaona haishiki kitu, akaigeuza. Soksi zilizopoteza wenzao zikawa maskani ya betri, nzima katika nyeusi, zilizokwisha katika nyeupe. Njiti za kiberiti ziliingia kwenye kopo lenye vipande vya mkaa wa kunyonya unyevu. Vyenye ncha vilivishwa vizibo. Vizito viliwekwa chini, vyepesi juu, vya haraka upande wa kulia wa mlango ambapo mkono wa mtu huanzia. Kilicholowa hakikuruhusiwa kulala chumba kimoja na kikavu.

Mifuko yote aliiita vishubaka, kwa mazoea, akaipa namba kwa wino usiofutika. Ilikuwa mia mbili na kumi na minne.

Binti alipoingia kuona, alishika mdomo. "Baba! Hii ni ajabu. Hiki cha nini?"

"Uzi mweusi."

"Na hiki?"

"Uzi mweusi mfupi."

Wiki ya kwanza kambi nzima ilimsifu. Mtu alisema "mkasi wa kucha" na mkasi wa kucha ukatokea. Dereva, aliyekuwa mbishi kwa kuzaliwa, alijaribu kumtega kwa kuomba kokwa la embe, akaulizwa kama anataka lililokauka au bichi. Wiki ya pili zikaja fomu.

Zilikuwa karatasi ndogo zilizopigwa mistari kwa mkono: jina, kitu, idadi, sababu, saini. Bwana Vishubaka aliketi kwenye kigoda nyuma ya zipu iliyofunguliwa nusu, akawa anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, kama karani wa dirishani, na mtu wa kwanza kuonja alikuwa mpishi.

"Naomba kiberiti," akasema mpishi, jasho likimtoka, sufuria la maharage limekaa juu ya mafiga bila moto.

"Njiti ngapi?"

"Kiberiti. Chote."

"Kiberiti chote kwa moto mmoja?" Akatikisa kichwa. "Nakupa njiti tatu. Ukimaliza unarudisha."

"Nirudishe njiti zilizoungua?"

"Vinginevyo nitajuaje kwamba umezitumia?"

Mpishi alitaka kucheka, akamtazama vizuri, akaona mwenzake hatanii. Jioni akarudisha vijiti vitatu vyeusi kwenye sahani. Vilipokewa, vikakaguliwa, vikatiwa katika kishubaka namba mia na tisini, kilichoandikwa Njiti, Zilizotumika.

Dawa ya meno ilitolewa kwa kukamuliwa, kila mtu akinyoosha mswaki wake kwenye zipu kama anayeomba. Msaidizi wa vipimo, mtu mpole asiyependa ugomvi, aliacha kupiga mswaki akawa anatafuna vijiti vya porini kwa siri. Hata binti mwenyewe, kiongozi wa kikosi, hakupewa upendeleo.

"Baba, kichwa kinaniuma."

"Pole, mwanangu. Kinauma upande gani?"

"Fomu inauliza hayo?"

"La, nauliza mimi kama baba yako. Fomu inauliza idadi."

"Viwili."

"Vichwa?"

"Vidonge, Baba!"

Wakati huohuo hema lilizidi kujaa. Kila kitu kidogo kilizaa kingine: tochi ilitaka balbu ya akiba, balbu ikataka pamba ya kuizungushia, pamba ikataka mkebe. Katikati ilibaki njia ya kupita mtu mmoja akiwa ubavu. Kitanda chake cha kukunja kilikuwa kimeshatolewa nje zamani, kwa kuwa hakikuwa kidogo na hivyo hakikuwa na haki ya kuwa humo. Mwenyewe atalala wapi? Alifikiri siku mbili, kisha akashona mfuko mkubwa wa turubai wa urefu wake, kwa uzi wa kushonea viatu, akauning'iniza kwenye ukuta wa kushoto baina ya nguzo na nguzo, wenye kifuniko na mikanda mitatu ya mpira. Akaupa namba mia mbili na kumi na tano. Katika daftari la vifaa akaandika kwa mwandiko wake wa kulala kidogo: Mtunza vifaa, mmoja. Hali: amechakaa lakini anafanya kazi.

Mambo yalichacha siku ambayo mpishi alifika kwenye mkutano wa asubuhi akiwa ameshika sufuria tupu, akaliweka mbele ya kiongozi.

"Mheshimiwa, mimi simchukii mzee. Lakini leo kaniuliza sababu ya kutaka chumvi. Nimeandika 'ladha'. Karudisha fomu. Kasema ladha si sababu, ni matokeo."

Dereva naye akadakia. Jana aliomba vigingi vinne vya akiba, kwa kuwa upepo wa mwinuko ulikuwa unalikamata hema la vifaa na vigingi viwili vya nyuma vilishalegea. Akapewa viwili tu.

"Nilimwambia mzee, hema lenyewe ni lako! Akanijibu nikichukua vyote vinne kishubaka kitabaki kitupu, na kishubaka kitupu kinavutia wadudu."

Binti alimwendea baba yake peke yake. Akachuchumaa mbele ya zipu.

"Baba, watu wanaogopa kupiga mswaki."

"Hakuna kilichopotea tangu nifike. Hata kimoja."

"Najua."

"Mlipoteza siku nzima kwa ufunguo."

"Najua, Baba. Lakini siku ile tulicheka. Sasa hivi hakuna anayecheka." Akavuta pumzi. "Kuanzia kesho nitaweka kreti moja katikati ya kambi. Vya kila siku vitakaa humo, kila mtu ajichukulie."

"Kreti," akasema baba, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Vyote pamoja? Vikavu na vilivyolowa?"

Bwana Vishubaka alifunga zipu taratibu, jino baada ya jino, mpaka juu. Hakutoka kula cha mchana. Alijitia katika kishubaka chake, akafunga mikanda mitatu kifuani, akalala macho wazi akitazama betri katika soksi zake. Hakuwa na hasira. Kilichomsumbua kilikuwa kingine: kwamba miaka thelathini na mmoja watu walikuwa wakimjia dirishani, na huenda siku zote hizo walikuwa wakiogopa kupiga mswaki.

Saa nane mchana kisulisuli kikapanda mwinuko.

Mpishi ndiye aliyekiona kwanza, mnara wa vumbi jekundu ukija unajizungusha kama mtu aliyesahau kitu. Kililipita jiko, kikaiacha meza ya vipimo, kikaligeukia hema la vifaa. Vigingi vya nyuma viling'oka. Hema likavuta pumzi, likatuna, vigingi vya mbele vikafuata, nguzo zikalala, na hema zima likakunjamana likawa kitu cha mviringo kama andazi kubwa la kijani. Likadunda mara moja. Kisha likaanza kubingirika kuteremka.

"Mzee yumo!" akapiga kelele dereva.

"Baba!" Binti akakimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Ndani, mbingu na ardhi zilikuwa zinapeana zamu. Bwana Vishubaka alipaa, akashuka, akawa juu, akawa chini, amefungwa kifuani kama mtoto mgongoni. Roho ilimruka mizunguko mitatu ya kwanza. Mzunguko wa nne alifumbua jicho moja akingojea mvua ya sindano, mikasi na vifuniko vya chupa. Haikuja. Alifumbua la pili. Mifuko ilikuwa inatikisika kwa sauti ndogo ya kugongana, kama vikombe kwenye trei inayobebwa na mtu mzoefu. Hakuna mpira uliokatika. Hakuna kifuniko kilichofunguka. Kopo la njiti lilimpita karibu na pua likiwa palepale lilipofungwa. Mzunguko wa tisa akaanza kucheka, na akacheka kwenda chini mteremko mzima, peke yake, mpaka machozi yakamtiririkia kwenye masikio na mara nyingine kwenye paji la uso.

Shuleni bondeni, siku ile darasa la mwisho walikuwa wanafanya mtihani wa majaribio. Kwa sababu ya joto, mwalimu mkuu aliwatoa nje, madawati yamepangwa kwa safu kivulini mwa jengo. Mwalimu mkuu huyu alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, ambaye hakuwahi kukohoa wakati wa mtihani. Aliliona hema likishuka. Aliliangalia likivuka njia, likiruka mtaro, likipita katikati ya uwanja wa mpira na kugota kwenye nguzo ya goli. Wanafunzi hamsini na wawili waliinua vichwa.

"Macho kwenye karatasi," akasema.

Akalisogelea kwa hatua za kipimo. Hema lilikuwa limesimama juu chini, mlango umeelekea angani. Zipu ikafunguka kutoka ndani, jino baada ya jino, kikatokea kichwa chenye mvi na mchubuko kwenye pua.

"Habari za mchana," kikasema kichwa. "Samahani, hapa ni wapi?"

"Hapa ni mtihani. Tafadhali punguza sauti."

"Samahani sana."

"Una watu wengine humo?"

"Hapana. Vitu vidogo tu."

Mwalimu mkuu aligeuka kuwatazama wanafunzi, kisha akamgeukia tena, akainama kidogo. Usoni mwake kulikuwa na jambo lililokuwa likimtesa tangu asubuhi.

"Kichongeo cha penseli huna? Tulikuwa nacho kimoja cha shule nzima. Kimepotea. Wanachonga kwa meno."

Bwana Vishubaka alifumba macho. Namba thelathini na sita ilikuwa ukuta wa kulia, safu ya pili kutoka juu. Sasa kulia ni kushoto na juu ni chini. Mkono wake ukazama, ukapapasa, ukatoka na kichongeo. Vitatu, kwa kweli. Akavishika asivitoe, akaipapasa fomu, akaitoa hiyo kwanza.

Mwalimu mkuu aliipokea. Akavaa miwani. Akaisoma, neno kwa neno, mbele na nyuma, kisha akamtazama kwa ukali wa mtu anayesahihisha.

"Fomu yako haina nafasi ya tarehe ya kurudisha."

Bwana Vishubaka aliikodolea macho fomu. Katika maisha yake yote hakuna binadamu aliyewahi kuisoma fomu yake. Walitia saini kama watu wanaofukuza inzi.

"Ni kweli," akasema polepole. "Haina."

"Ongeza."

Akaongeza. Akatoa vichongeo. Baada ya hapo yakaja maombi mengine, moja baada ya jingine, yote kwa kunong'ona: msichana aliyepasukiwa sketi, pini mbili; mvulana aliyejikwaa, bandeji na dawa ya kidonda; kengele ya shule iliyokatika kamba tangu muhula uliopita, kamba mita moja; mwalimu wa hesabu, miwani ya kusomea, kwa saa moja. Watu walipanda juu ya dawati kufikia mlango, wakanyoosha mkono, wakapewa, wakashuka kwa upande wa pili.

Gari la kikosi lilipofika likitimua vumbi, binti aliruka kabla halijasimama. Alikuwa amejitayarisha kwa maiti. Alikuta foleni.

"Baba?"

"Shhh," ikasema foleni nzima.

Akasukuma, akapanda juu ya dawati, akamwona baba yake kuanzia kifuani kwenda juu, ndani ya hema lililopinduka, pua inavuja damu kidogo, anaandika tarehe. Kwanza akalia. Kisha akakasirika, akaanza kumgomba kwa kunong'ona kwa sababu ya mtihani: vigingi viwili! Viwili, Baba! Ungekufa kwa ajili ya vigingi viwili! Akagomba mpaka machozi yakarudi upya, na kamasi juu yake, akapapasa mifuko yake asipate kitu.

Baba akatoa kitambaa, akampa.

"Na fomu?" akauliza binti, kwikwi imemshika.

"Hicho si cha stoo. Ni cha mfukoni mwangu."

Wakahesabu jioni ile, wote watano, wakiwa wamekaa kwenye nyasi za uwanja baada ya wanafunzi kwenda zao. Vishubaka mia mbili na kumi na vinne vilikuwa kamili, ukiondoa vilivyoazimwa kwa saini. Kimoja tu kilipasuka, namba mia mbili na kumi na tano, ambacho uzi wake ulikatika hema lilipogota golini, na ndiyo maana pua ya mtunza vifaa ilikutana na nguzo. Dereva, mbishi kwa kuzaliwa, alivua kofia. Mpishi alisema yeye bado anataka kiberiti chake, lakini alilisema hilo kwa heshima.

Mkewe alipiga simu kesho yake, habari zimeshamfikia.

"Nasikia umebingirika."

"Kidogo."

"Umeumia?"

"Hakuna kilichopotea, mama. Hata sindano."

"Sikukuuliza habari ya sindano."

Basi mzee akamwambia juu ya pua, na juu ya mizunguko mitatu ya kwanza, jinsi alivyodhani ndiyo basi, na kwamba aliyemkumbuka ni mkewe. Mkewe akamwambia apake mafuta puani.

Walielewana hivi: kiberiti, tochi, chumvi, dawa ya meno na vidonge vya kichwa vilitundikwa nje kwenye nguzo ya jiko, katika mifuko isiyo na kifuniko, na yeyote akapita akachukua bila kuulizwa. Mzee aliishona mwenyewe. Kwa siku kadhaa alikuwa akiutazama mfuko wa chumvi kwa mbali kama mtu anayemtazama mwanawe akivuka barabara. Chumvi ilipungua, ikaongezwa, dunia haikuisha. Vingine vyote vilibaki kwa fomu, na fomu sasa ilikuwa na tarehe.

Mwalimu mkuu aliomba ofisi ya walimu ishonewe vishubaka. Jumamosi tatu Bwana Vishubaka aliteremka mwinuko kwa miguu, kwa mwendo wa kawaida, akakaa na walimu wakishona. Yeye na mwalimu mkuu walibishana Jumamosi nzima kama chaki nusu ni chaki au ni kipande, wakaishia kuifungulia namba yake. Maji yalipatikana mita sabini chini, si mbali na goli lile, na kikosi kikafungasha kwenda kwingine.

Kwenye kambi mpya binti alimpa baba yake hema dogo la pili, la kulalia tu, kwa amri kwamba kisiingizwe kitu humo. Halikuwa na kamba wala mfuko. Wiki ya kwanza hakupata usingizi. Turubai tupu pande zote lilimfanya ahisi kuna mtu amekuja akabeba kila kitu. Wiki ya pili akazoea, akaanza kulala mpaka jua lichomoze.

Mwisho wa mwezi mkewe alipata likizo, akaja na basi la asubuhi na mizigo mitatu. Aliingia katika hema lile dogo, akatupa viatu kimoja huku kimoja kule, akaweka kitana juu ya mto, khanga juu ya mlango, mafuta, redio na machungwa sita pale yalipodondokea. Kisha akajilaza katikati ya vyote akanyoosha miguu yake iliyochoka.

"Pazuri hapa," akasema. "Pana nafasi."

Bwana Vishubaka alisimama mlangoni amebana mikono kwapani. Alivitazama vitu vile kimoja kimoja, midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu. Halafu akavua viatu vyake, akavitupa, akaruka machungwa, akatafuta pa kukaa.